Nambari ya Watu Wote: 61,741,120

SOMO LA HESABU KWA REDIO
Kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Tangini, Kibaha, na jirani zao wa Kisarawe

Kabla ya somo. Msimamizi wa darasa aandike ubaoni nambari hii kwa tarakimu kubwa: 61,741,120. Kila mwanafunzi awe na daftari na kalamu. Darasa liwe na korosho mia moja, au punje mia moja za mahindi, juu ya meza.

Wasemaji: Mwalimu, Mzee, Mama.

MWALIMU: Ndugu wasikilizaji, hamjambo? Karibuni tena katika somo letu la Hesabu. Ninyi mlio Tangini, na ninyi mlio Kisarawe, kaeni karibu na redio, mfungue madaftari yenu. Hapa studio ninao wanafunzi wawili, kama kawaida yetu. Shikamoo Mzee.

MZEE: Marahaba, Mwalimu.

MWALIMU: Mama, hujambo?

MAMA: Sijambo, Mwalimu. Lakini nambari ile uliyoiandika ubaoni inanitisha. Ni ndefu kama treni.

MWALIMU: Usiogope, Mama. Treni ni ndefu, lakini ni mabehewa tu yaliyofungwa pamoja. Ukilijua behewa moja, umejua yote. Leo tutaifungua nambari hiyo behewa kwa behewa. Kwanza niwaambie imetoka wapi. Siku ya tarehe 23 Agosti 2022 ilifanyika sensa ya watu na makazi katika Tanzania nzima. Makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi mikononi. Waliuliza: Usiku wa kuamkia leo, nani alilala hapa? Tarehe 31 Oktoba 2022, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo. Watu wote, Bara na Zanzibar, walikuwa 61,741,120.

MZEE: Basi na mimi nimo humo.

MWALIMU: Umo, Mzee. Kama ulihesabiwa, moja kati ya hizo ni wewe. Na Mama ni moja. Kila msikilizaji aliyehesabiwa siku ile ni moja. Kwa hiyo hii ni nambari yetu wenyewe, na inafaa tujue kuisoma, tujue imejengwaje, na tujue kuikagua.

KUISOMA NAMBARI

MWALIMU: Tazameni ubaoni. Alama za mkato zimegawa nambari yetu katika mafungu matatu. Anzeni kulia, mwende kushoto. Fungu la kwanza kutoka kulia ni 120. Fungu la pili ni 741. Fungu la tatu ni 61. Fungu la kulia kabisa ni la mamoja, makumi na mamia. Fungu la kati ni la maelfu. Fungu la kushoto ni la mamilioni. Sasa tusome kutoka kushoto: milioni sitini na moja, laki saba na arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini. Semeni pamoja.

(Kituo kifupi. Darasa lisome kwa sauti mara mbili.)

MWALIMU: Vizuri. Kuna jambo moja la lugha yetu la kuangalia. Mzee, nikikuambia nitakulipa "elfu arobaini na moja", utanidai shilingi ngapi?

MZEE: Arobaini na moja elfu. Yaani 41,000.

MWALIMU: Lakini mimi nikiwa mjanja nitasema: Hapana, nilisema elfu arobaini, na moja. Yaani 40,001. Nitakuwa nimekunyang'anya shilingi 999 kwa maneno matupu. Ndiyo sababu wazee wetu wa biashara hutanguliza idadi, wakasema "arobaini na moja elfu". Hapo hakuna njia ya kuponyoka. Na katika hati ya kuuza shamba, au stakabadhi ya korosho, andika kwa maneno na kwa tarakimu, vyote viwili. Tarakimu haina ulimi wa kupinda.

MAMA: Na ile sifuri ya mwisho, Mwalimu? Sifuri si kitu. Kwa nini tusiiache?

MWALIMU: Ukiiacha, Mama, umebaki na 6,174,112. Ni watu milioni sita tu! Watu zaidi ya milioni hamsini na tano umewafuta kwa kalamu. Sifuri yenyewe ni tupu, lakini inalinda mahali pa mamoja, ili kila tarakimu nyingine ikae mahali pake. Ni kama kiti kitupu katika safu: ukikiondoa, wote waliokaa watasogea.

UKUBWA WAKE

MWALIMU: Je, 61,741,120 ni kubwa kiasi gani? Tufanye hivi. Mtu mmoja asimame kando ya barabara ya Morogoro, pale Kibaha, na watu wote waliohesabiwa wapite mbele yake mmoja mmoja. Kila sekunde apite mtu mmoja, usiku na mchana, bila kupumzika. Siku moja ina sekunde 86,400. Gawanyeni 61,741,120 kwa 86,400. Mtapata siku 714, na zaidi ya saa 14 juu yake. Inakaribia miaka miwili kamili.

MZEE: Miaka miwili bila kulala! Huyo msimamaji angekufa kwanza.

MWALIMU: Ndiyo maana makarani walikuwa wengi na kila mmoja alipewa sehemu yake. Sasa tutazame nyuma. Sensa ya kwanza baada ya Muungano ilifanyika mwaka 1967. Watu walikuwa 12,313,469. Zidisheni mara tano: mtapata 61,567,345. Kwa hiyo katika miaka 55 tumekuwa mara tano na zaidi kidogo. Palipokuwa na mtoto mmoja wa kutafutiwa dawati, sasa wapo watano.

Mara nyingi mtasikia watu wakisema, "Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 62." Wamekadiria, na si kosa katika mazungumzo. Lakini toeni 61,741,120 katika 62,000,000. Mtaona wameongeza watu 258,880 wasiokuwapo. Kwa mazungumzo, makadirio yanatosha. Kwa kugawa madawati na dawa, tunataka nambari yenyewe.

SHUFWA AU WITIRI

MWALIMU: Sasa tuifungue nambari. Swali la kwanza: je, watu hao wote wanaweza kusimama wawili wawili, asibaki hata mmoja?

MAMA: Tutajuaje bila kuwapanga wote?

MWALIMU: Tazama tarakimu ya mwisho tu. Ikiwa ni 0, 2, 4, 6 au 8, nambari ni shufwa, yaani inagawanyika kwa mbili. Ikiwa ni 1, 3, 5, 7 au 9, nambari ni witiri. Maneno haya wengi wenu mnayajua tangu zamani. Waislamu wanaijua sala ya witiri, ambayo rakaa zake hazigawanyiki wawili wawili.

MZEE: Nambari yetu inaishia na sifuri. Basi ni shufwa.

MWALIMU: Sawasawa. Na kwa kuwa inaishia na sifuri, inagawanyika pia kwa tano na kwa kumi. Sasa tuikunje katikati kama khanga. Andikeni:

Nusu ya 61,741,120 ni 30,870,560.
Nusu yake tena ni 15,435,280.
Nusu yake tena ni 7,717,640.
Nusu yake tena ni 3,858,820.
Nusu yake tena ni 1,929,410.
Nusu yake tena ni 964,705.

Mama, tuikunje tena?

MAMA: Haikunjiki, Mwalimu. Sasa inaishia na tano. Ni witiri.

MWALIMU: Umesema kweli. Tumeikunja mara sita, ya saba imekataa. Nambari nyingi za shufwa hukataa mapema zaidi. Kwa mfano 30 hukunjwa mara moja tu: nusu yake ni 15, basi.

KUIFUNGUA MPAKA KWENYE NAMBARI TASA

MWALIMU: Tuliyobaki nayo ni 964,705. Inaishia na 5, kwa hiyo tano inaingia. Gawanyeni: 964,705 kwa 5 ni 192,941. Sasa tujaribu saba. Mzee, saba inaingia katika 192,941?

(Kituo. Darasa ligawanye kwenye madaftari.)

MZEE: Saba katika kumi na tisa, mara mbili, inabaki tano. Saba katika hamsini na mbili, mara saba, inabaki tatu. Saba katika thelathini na tisa, mara tano, inabaki nne. Saba katika arobaini na nne, mara sita, inabaki mbili. Saba katika ishirini na moja, mara tatu. Haibaki kitu! Jibu ni 27,563.

MWALIMU: Hongera, Mzee. Maana yake ni kwamba watu wote wa sensa ile wangeweza kugawanywa sawasawa katika siku saba za juma. Kila siku ingepata watu 8,820,160, asipungue wala asizidi hata mmoja.

Sasa tunayo 27,563. Hapa kazi ni ngumu kidogo. Tatu haiingii. Saba haiingii tena, inabakiza nne. Tunajaribu 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37 na 41. Zote zinabakiza kitu. Wengine hapo wangechoka, wakasema haina kigawanyo. Lakini tukiendelea mpaka 43, tunakuta inaingia mara 641 kamili. Hakikisheni: 641 mara 43 ni 27,563.

MAMA: Na hiyo 641, tuendelee nayo?

MWALIMU: Tuijaribu. Mbili haiingii, tatu haiingii, tano haiingii. Saba inabakiza 4. Kumi na moja inabakiza 3. Kumi na tatu inabakiza 4. Kumi na saba inabakiza 12. Kumi na tisa inabakiza 14. Ishirini na tatu inabakiza 20. Hapo tunasimama.

MZEE: Kwa nini tusimame, Mwalimu? Huenda kuna nyingine mbele.

MWALIMU: Swali zuri sana. Kama 641 ingekuwa mazao ya nambari mbili zilizozidishwa, moja ingekuwa ndogo na nyingine kubwa, au zingekuwa sawa. Ile ndogo isingeweza kufika 26, kwa sababu 26 mara 26 ni 676, tayari tumepita 641. Kwa hiyo tukiisha jaribu zote zilizo chini ya 26, tumemaliza. Aliyeko mbele angekuwa na mwenziwe nyuma, na nyuma tumekwisha kutafuta, hatukumwona.

Nambari kama hiyo, ambayo haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, huitwa nambari tasa. Mbili ni tasa, tatu ni tasa, tano na saba ni tasa, 43 ni tasa, na 641 ni tasa. Nambari tasa ni kama matofali. Kila nambari nzima kubwa kuliko moja, ama yenyewe ni tofali, ama imejengwa kwa matofali hayo. Na ajabu yake ni hii: kila nambari ina matofali yake, na hakuna njia nyingine ya kuijenga. Mtu wa Tangini na mtu wa London, kila mmoja akianza anapotaka, watafika kwenye matofali yale yale.

Andikeni sasa matofali ya nambari yetu:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

MAMA: Zote hizo ni kumi tu! Nambari ndefu vile, na matofali yake ni kumi.

MWALIMU: Kumi tu. Na kutoka kwenye matofali hayo tunaweza kujua ni nambari ngapi zinazoigawanya bila kubakiza. Mbili tunaweza kuiacha, au kuichukua mara moja, mbili, tatu, nne, tano au sita: njia saba. Tano tunaichukua au tunaiacha: njia mbili. Saba, njia mbili. 43, njia mbili. 641, njia mbili. Zidisheni: 7 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 112. Basi vigawanyo vyake ni 112, tukihesabu moja na nambari yenyewe.

Kuhusu 641 kuna habari ndogo. Mwaka 1640 Mfaransa aitwaye Pierre de Fermat alikuwa akizitazama nambari za namna fulani: unazidisha mbili kwa mbili mara nyingi, kisha unaongeza moja. Alidhani nambari 4,294,967,297 ni tasa. Kwa karibu miaka mia moja hakuna aliyeonyesha vinginevyo. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mtu wa Uswisi, akaonyesha kwamba 641 inaingia ndani yake mara 6,700,417 bila kubaki kitu. Dhana ya bwana mkubwa ikaanguka kwa kugawanya tu, kazi ile ile aliyoifanya Mzee hapa sasa hivi. Katika Hesabu hatuulizi nani kasema. Tunagawanya tuone.

KUIKAGUA NAMBARI KWA TISA

MWALIMU: Sasa tumefika kwenye sehemu ya somo itakayowafaa nyumbani kila siku. Chukueni zile korosho mia moja. Zipangeni mafungu ya tisa tisa.

(Kituo. Darasa lipange korosho.)

MAMA: Mafungu kumi na moja, na korosho moja imebaki.

MWALIMU: Na korosho kumi?

MAMA: Fungu moja, inabaki moja.

MWALIMU: Na elfu moja je? Mafungu 111, inabaki moja. Elfu kumi, laki, milioni, kila mara inabaki moja. Kwa hiyo mia saba zinabakiza saba. Milioni sita zinabakiza sita. Kila tarakimu, popote ilipokaa, inabakiza yenyewe. Basi ukitaka kujua nambari yoyote inabakiza nini ikipangwa kwa tisa tisa, jumlisha tarakimu zake. Jumla ikiwa na tarakimu zaidi ya moja, zijumlishe tena. Tisa yenyewe ni fungu zima, kwa hiyo ihesabu kuwa sifuri.

Nambari yetu: 6 na 1 na 7 na 4 na 1 na 1 na 2 na 0 ni 22. Kisha 2 na 2 ni 4. Baki yake ya tisa ni 4.

Sasa tukague hesabu ya sensa. Wanawake walikuwa 31,687,990. Wanaume walikuwa 30,053,130. Mama, jumlisha tarakimu za wanawake.

MAMA: Tatu, moja, sita, nane, saba, tisa, tisa, sifuri. Ni 43. Nne na tatu, saba.

MWALIMU: Mzee, za wanaume.

MZEE: Tatu, sifuri, sifuri, tano, tatu, moja, tatu, sifuri. Ni 15. Moja na tano, sita.

MWALIMU: Saba na sita ni 13, moja na tatu ni 4. Na baki ya jumla yetu ilikuwa?

MAMA: Nne! Zimekubaliana.

MWALIMU: Zimekubaliana. Tukague kwa njia nyingine. Tanzania Bara walikuwa watu 59,851,347. Tarakimu zake ni 42, yaani 6. Zanzibar walikuwa 1,889,773. Tarakimu zake ni 43, yaani 7. Sita na saba ni 13, yaani 4. Zimekubaliana tena.

Na njia ya tatu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ongezeko mpaka 2022 ni watu 16,812,197. Baki ya kwanza ni 5, baki ya pili ni 8. Tano na nane ni 13, yaani 4.

MZEE: Mara tatu imekuja 13, na mara tatu imekuja 4. Je, kuna siri ndani yake?

MWALIMU: Hakuna siri, Mzee, wala uganga. Nne lazima ije kila mara, kwa kuwa jumla ni ile ile. Kumi na tatu kuja mara tatu ni sadfa tu. Wapo watu wanaouza bahati kwa nambari. Msiwape fedha zenu. Nambari haijui kesho itakuwaje. Inajua tu kilichohesabiwa.

DAFTARI LA CHAMA

MWALIMU: Tuiache sensa, twende kwenye chama chenu cha kuweka na kukopa. Wanachama watatu wameleta fedha. Wa kwanza 48,500. Wa pili 36,750. Wa tatu 27,900. Katibu ameandika jumla: shilingi 112,150. Tukague. Za kwanza ni 17, yaani 8. Za pili ni 21, yaani 3. Za tatu ni 18, yaani 9, yaani sifuri. Nane na tatu ni 11, yaani 2. Sasa jumla ya katibu: 1, 1, 2, 1, 5, 0 ni 10, yaani 1.

MAMA: Mbili na moja hazikubaliani. Katibu kakosea!

MWALIMU: Kakosea. Msiseme kaiba, semeni tujumlishe tena. Jumla ya kweli ni 113,150. Shilingi elfu moja ilikuwa imepotea njiani, na mmeiona bila mashine yoyote.

Lakini sikilizeni kwa makini, maana dawa hii haiponyi kila ugonjwa. Kama katibu angeandika 131,150, tarakimu ni zile zile, zimebadilishana mahali tu. Jumla yake ni 11, yaani 2. Ukaguzi wa tisa ungesema sawa, na kumbe kuna makosa ya shilingi 18,000.

MZEE: Loo! Basi tufanyeje?

MWALIMU: Msikie tofauti ile: 18,000. Igawanyeni kwa tisa. Inaingia mara 2,000 kamili. Tarakimu mbili zikibadilishana mahali, tofauti daima hugawanyika kwa tisa. Basi mkihesabu fedha sandukuni mkakuta hazilingani na daftari, na tofauti inagawanyika kwa tisa, tafuteni kwanza tarakimu zilizobadilishana. Huenda hakuna mwizi, kuna kalamu iliyoteleza. Mabaki ya tisa yakigombana, kosa lipo kwa hakika. Mabaki yakikubaliana, huenda ni sawa, lakini bado si hakika. Shikeni tofauti hiyo.

MTU MMOJA

MAMA: Mwalimu, nina swali. Kama karani angemruka mtu mmoja, bibi mzee aliyelala peke yake kwenye kibanda shambani, kingeharibika nini katika nambari kubwa hivi? Mmoja kati ya milioni sitini na moja!

MWALIMU: Tuone. Nambari ingekuwa 61,741,119. Inaishia na tisa. Shufwa imekwenda, sasa ni witiri. Haikunjiki hata mara moja. Tano haiingii tena. Kumi haiingii. Saba haiingii. 43 na 641 hazimo tena. Matofali yote kumi yamebomoka. Halafu jumlisheni tarakimu: ni 30. Thelathini inagawanyika kwa tatu, kwa hiyo nambari nzima sasa inagawanyika kwa tatu: kila fungu lina 20,580,373. Ni jengo jingine kabisa, kwa sababu ya bibi mmoja aliyeachwa kibandani.

MAMA: Sikudhani mtu mmoja ana uzito huo.

MWALIMU: Katika nambari nzima kila mmoja ana uzito huo. Na nje ya nambari pia. Bibi yule asipohesabiwa, kijiji chake kinaonekana kina watu wachache. Wakirukwa wengi kama yeye, zahanati inapangiwa dawa chache kuliko wagonjwa, na shule madarasa machache kuliko watoto. Hakuna aliyeiba kitu, lakini watu wamepungukiwa. Kwa hiyo karani wa sensa atakapokuja tena, mpeni kiti, mjibuni kweli, na mwonyesheni njia ya kibanda cha shambani.

Ndugu wasikilizaji, saa yetu imekwisha. Fanyeni mazoezi yafuatayo kabla ya somo lijalo. Msimamizi asiwasomee majibu mpaka kila mtu amejaribu. Kwaherini.

MZEE na MAMA: Kwaherini.

MANENO YA KUKUMBUKA

Tarakimu: alama moja ya kuandikia nambari, kutoka 0 hadi 9.
Shufwa: nambari inayogawanyika kwa mbili.
Witiri: nambari isiyogawanyika kwa mbili.
Kigawanyo: nambari inayoingia ndani ya nyingine bila kubakiza.
Nambari tasa: nambari kubwa kuliko moja isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe.
Baki ya tisa: kinachobaki nambari ikipangwa mafungu ya tisa tisa.

MAZOEZI

1. Mkoa wa Pwani, ambamo zimo Kibaha na Kisarawe, ulikuwa na watu 2,024,947 katika sensa ya 2022. Iandike nambari hiyo kwa maneno. Je, ni shufwa au witiri?

2. Katika sensa ya 2012 Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668. Watu wangapi waliongezeka mpaka 2022? Kagua jibu lako kwa baki ya tisa.

3. Je, 44,928,923 inagawanyika kwa tatu? Jibu bila kugawanya.

4. Fungua 360 mpaka kwenye nambari tasa.

5. Katibu amejumlisha 25,400 na 18,350 akaandika 47,350. Kagua kwa baki ya tisa. Kisha jumlisha mwenyewe. Umeona nini?

MAJIBU

1. Milioni mbili, ishirini na nne elfu, mia tisa arobaini na saba. Ni witiri.

2. 926,279. Baki ya 1,098,668 ni 2, baki ya 926,279 ni 8. Mbili na nane ni 10, yaani 1. Baki ya 2,024,947 ni 1. Zimekubaliana.

3. Haigawanyiki. Jumla ya tarakimu zake ni 41, na 41 haigawanyiki kwa tatu.

4. 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5.

5. Mabaki yanakubaliana, yote ni 1, lakini jumla ya kweli ni 43,750. Tofauti ni 3,600, nayo ni 9 mara 400. Tarakimu 3 na 7 zimebadilishana mahali.